Dobi na Orodha ya Wakazi

Mtaa mzima ulimwita Dobi, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Hata barua ya serikali ya mtaa ilipomjia iliandikwa hivyohivyo, "Bwana Dobi, ua wa nne," na ikafika bila kupotea. Alikuwa mtu mfupi, mkavu, mwenye viganja vilivyochujuka kwa sabuni, na alikuwa na ubishi wa kimyakimya: hakujibizana na mtu, lakini hakubadili mawazo pia. Kazi yake aliifanya miaka thelathini na moja katika ua uleule. Kama kuna jambo alilojivunia duniani, ni kwamba hakuwahi hata siku moja kumpelekea mtu shuka ya mwenzake.

Nyua zilikuwa kumi na moja, vyumba vimepangwa mgongo kwa mgongo, bomba moja kwa kila ua, na kati ya zote ni ua wa nne tu uliopata jua la kutosha. Kwingine jua lilichungulia saa sita, likaaga. Ndiyo maana hata yule aliyefua mashati yake mwenyewe kwenye beseni chumbani, blanketi na shuka lazima zimfikie Dobi, maana angezianika wapi? Kamba zake zilikuwa tisa, zimevutwa kutoka ukuta hadi ukuta, na wapita njia walikuwa wakiinama chini ya shuka za watu kama wanaingia msikitini au kanisani, kila mtu na imani yake.

Kila nyumba ilikuwa na alama yake, imeandikwa kwa wino usiofutika kwenye pindo: nukta mbili na mstari, msalaba mdogo, duara lenye mkia. Alama zote zilikuwa zimenakiliwa kwenye kitambaa kimoja cheupe kirefu alichorithi kwa marehemu aliyemfundisha kazi. Alikitunza kwenye mfuko wa plastiki, na hakumruhusu mtu kukigusa kwa mkono mbichi. Nguo zake mwenyewe na za dada yake hazikuwa na alama. Alifundishwa hivyo: nguo za nyumbani dobi hazipigi alama, anazijua kwa mkono.

Dada yake huyo alikuwa mdogo kwake kwa miaka sita. Alikuwa mfagizi wa hospitali, na aliishi chumba cha pili kutoka kwake, kilichokuwa cha mama yao. Alirudi hapo baada ya ndoa yake kuvunjika, akamuuguza mama miaka tisa, na mama alipofariki akabaki. Stakabadhi za kodi ziliendelea kutoka kwa jina la marehemu. Hakuna aliyeona ajabu, maana nusu ya mtaa ule ilikuwa ikilipa kodi kwa majina ya watu walioko makaburini.

Basi siku moja likachomekwa bango kwenye kona ya ua wa kwanza. Lilikuwa na picha ya maghorofa matatu, kila moja la orofa kumi na nne, na chini yake miti ya kijani ambayo haikuwahi kuota pale, na watu wasafi wanatembea taratibu bila mzigo wowote. Mama Mkaa, aliyeuza mkaa mlangoni pa ua wa pili, alilitazama bango lile asubuhi nzima.

"Mbona mimi simo kwenye hii picha?" akauliza.

"Umo," Fundi Bomba akamjibu. "Uko orofa ya tisa, unapumzika."

"Na gunia la mkaa nimelipandisha na nini, na ulimi?"

Watu wakacheka, lakini kicheko hakikukaa. Toka siku hiyo mtaa ukagawanyika vipande viwili. Fundi Bomba, ambaye maisha yake yote alikuwa ameziba mabomba yanayovuja ya nyua zile, alikuwa upande wa maghorofa. Alisema amechoka kufunga mpira wa baiskeli kwenye bomba lililozikwa kabla hajazaliwa. Alisema kuna watoto wanaharisha kila masika kwa sababu choo na maji vinapakana. Alikuwa na haki. Mama Mkaa alikuwa upande wa pili, na kundi lake lilikuwa la wote wanaofanyia kazi mlangoni: fundi viatu, mshona magodoro, muuza ndoo za plastiki. Wao walisema ghorofa ni kwa mtu anayetoka asubuhi kwenda kazini na kurudi jioni, siyo kwa mtu ambaye kazi yake iko kizingitini. Na wao pia walikuwa na haki, na hapo ndipo ilipokuwa taabu.

Dobi alikuwa upande wa Mama Mkaa. Bila ua na bila jua, yeye ni nani? Dada yake alikuwa upande wa Fundi Bomba. Walibishana wakikunja mablanketi jioni, kila mmoja ameshika ncha mbili, wakikutana katikati na kuachana tena.

"Wewe unataka kukaa hewani kama ndege," Dobi akamwambia.

"Mimi nataka mlango unaofunga, kaka, na maji ndani. Miaka tisa nimebeba ndoo za mama. Umezihesabu?"

"Na mimi nianike wapi?"

"Hilo sijui." Akavuta blanketi likanyooka. "Lakini hujawahi kuniuliza mimi ninaanika wapi maisha yangu."

Dobi akakunja blanketi.

Mambo yakaenda haraka kuliko walivyotarajia. Halmashauri ikatangaza kwamba kujengwa patajengwa. Kilichobaki ni nani apewe nyumba. Mwenye stakabadhi yenye jina lake, hana wasiwasi. Asiye na karatasi, jina lake liwe kwenye orodha ya wakazi itakayoletwa na Mwenyekiti wa mtaa na kupitishwa na mkutano. Asiyekuwemo kote kuwili, atafute pa kwenda. Mwenyekiti, mtu mnene mwenye sauti laini, akaiandika orodha peke yake sebuleni kwake, mlango umerudishwa. Ilipobandikwa, watu wakaisoma kwa vidole na wakaanza kuguna. Mle ndani mlikuwa na majina ambayo hakuna aliyewahi kuyaona yakitembea. Wapangaji hewa. Mmoja alikuwa na ukoo mmoja na mke wa Mwenyekiti, mwingine inasemekana alikuwa ng'ambo miaka mingi. Nyumba za orofa zilikuwa chache kuliko wakazi; kila hewa aliyeingia, mtu mwenye pumzi angetoka.

Tumtendee haki Mwenyekiti katika jambo moja: jina la dada yake Dobi alikuwa ameliandika. Namba hamsini na nane, ua wa nne, chumba cha tatu, bila kosa hata la herufi. Dada yake alilisoma mara mbili, akaenda zake kazini akiwa na furaha ambayo hakuitangaza.

Mkutano ulifanyika Jumamosi mchana katika ukumbi wa shule, watu wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yamegota kidevuni. Mezani walikuwepo Mwenyekiti, katibu wake, na afisa kutoka halmashauri, mwanamke kijana mwenye miwani, ambaye kila baada ya dakika chache alikuwa akitazama saa. Fundi Bomba na Mama Mkaa, waliokuwa hawasalimiani wiki tatu, walikaa dawati moja. Wapangaji hewa walikuwa wamewapatanisha.

"Namba kumi na mbili ni nani?" Mama Mkaa akauliza kwa sauti. "Asimame nimwone."

"Yuko safarini," akasema Mwenyekiti.

"Na namba thelathini?"

"Mgonjwa."

"Namba arobaini na moja, amekufa?"

Ukumbi ukalipuka. Mwenyekiti akangoja watulie, akasema kwa ile sauti yake laini kwamba yeye amefanya kazi kwa nia njema, na kama kuna mwenye ushahidi kwamba mtu fulani haishi pale, autoe. "Maneno matupu mimi sifanyii kazi. Nani anajua nani analala wapi katika vyumba mia tatu?"

Ndipo Fundi Bomba aliposimama. "Dobi anajua."

Vichwa vikageuka vyote. Dobi alikuwa amekaa nyuma karibu na dirisha, dada yake kando yake, bado na sare yake ya kazi. Hakuwa mtu wa kusema mikutanoni. Ulimi ulikuwa mzito mbele ya watu. Lakini siku hiyo alisimama, na ajabu ni kwamba maneno yalimjia. Akasema katika mtaa ule hakuna mtu anayelala pasipo shuka, na hakuna shuka isiyopita mikononi mwake. Akasema yeye hamjui mtu kwa jina bali kwa alama, na alama zote ziko kwenye kitambaa kimoja. "Mimi nguo haziwezi kunidanganya," akasema. "Mtu aliyehama, shuka zake zimekoma kuja. Mtu ambaye hajawahi kuwepo, hajawahi kuchafua kitu."

Watu wakapiga makofi. Mtu akatumwa akakimbia kukileta kitambaa, na Dobi akakitandaza mezani mbele ya afisa, baada ya kufuta meza kwa mkono wa shati lake. Afisa akavua miwani, akainama, na kwa mara ya kwanza akasahau saa. "Hii ni kama rejesta," akasema. Wakaanza. Mwenyekiti akisoma jina na chumba, Dobi akiweka kidole kwenye alama: "Huyu yupo. Huyu yupo, ana shuka mbili za bluu na foronya moja. Huyu hayupo." Walipofika kwa mzee fundi saa wa ua wa saba, Dobi akasita.

"Alama anayo. Lakini blanketi lake sijaliona miaka sita."

"Bado ninalo!" fundi saa akapiga kelele. "Si chafu!"

Ukumbi mzima ulivunjika mbavu, hata afisa alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu mtaa kucheka pamoja. Dobi alikuwa amesimama katikati ya kicheko kile, jasho linamtoka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyengoja miaka thelathini na moja aulizwe swali moja analolijua. Katika majina hamsini ya mwanzo walikuwa wamewanasa hewa kumi na wanane. Mwenyekiti alikuwa ameacha kutetea jina lolote, anasoma tu.

Afisa akasema angeweza kuupokea utaratibu ule kama mkutano unakubali. Na hapa Dobi akafanya lile ambalo hakuna aliyemtuma. "Basi andika," akasema. "Iandikwe, wasije wakatugeuka kesho. Asiye na karatasi wala alama ya dobi, hatambuliwi." Afisa akaandika. Kura ikapigwa kwa mikono, ikainuka yote, na wa dada yake ulikuwa miongoni mwao. Katibu akapiga mhuri.

Mwenyekiti akaendelea kusoma, taratibu. Hamsini na tano, yupo. Hamsini na sita, yupo. Hamsini na saba, yupo. Kisha akanyanyua macho.

"Namba hamsini na nane. Ua wa nne, chumba cha tatu. Alama yake ipi, Dobi?"

Kidole cha Dobi kilikuwa tayari kimeanza kwenda. Kikasimama. Damu ilimwisha usoni hata watu wa dawati la mbele wakaona.

"Huyo ni dada yangu," akasema.

"Tunamjua. Alama yake ipi?"

"Za nyumbani hazipigwi alama, Mwenyekiti. Nguo zake nazijua kwa mkono."

"Ana karatasi?"

Hana. Karatasi ni ya mama, na mama hayupo. Hata kitambulisho chake kilikuwa na anwani ya kule alikokuwa ameolewa. Minong'ono ikaanza. Mtu wa kundi la Mwenyekiti akapaza sauti kutoka nyuma: "Kumbe kwa watu wengine sheria, kwa ndugu mkono!" Wengine wakamzomea, wengine wakaitikia. Mama Mkaa akasimama akasema jamani, huyu mama anaishi hapa, mama yake tulimzika sote. Mwenyekiti akamjibu kwa upole kwamba hata namba kumi na mbili kuna watu tayari kuapa wanamfahamu. Kama tunarudi kwenye kuapa, basi turudi, tuanze upya na namba moja.

Fundi Bomba akamvuta Dobi shati. "Kaka," akamnong'oneza, na sauti yake ilikuwa na huruma ya kweli, "tukiufungua mlango huu, wale kumi na wanane wanarudi wote. Kuna watu watakosa nyumba. Hili la dada tutalishughulikia baadaye, ofisini."

Kitambaa kilikuwa na alama moja ya fundi cherehani aliyehama mwaka uliopita, nukta tatu na mstari, naye hakuwa kwenye orodha. Kidole cha Dobi kilikuwa karibu nayo kabisa. Angeigusa tu, akasema ni hii, nilisahau, na katika ukumbi ule mzima hakuna hata mmoja ambaye angejua. Alijua hilo. Lakini muda si mrefu uliopita alikuwa amewaambia watu wote kwamba nguo haziwezi kumdanganya, na wamempigia makofi, na macho yao yalikuwa bado juu yake. Wapo waliosema baadaye kwamba ule ulikuwa uaminifu. Tuseme ukweli: mwingi ulikuwa majivuno. Akakiondoa kidole, akakunja kitambaa nusu, akaenda akakaa mahali pake kando ya dada yake.

Dada yake alikuwa ameweka mikono juu ya sare, akitazama mbele, na alibaki hivyo mpaka orodha ilipokwisha. Namba hamsini na nane ikapigwa mstari kwa kalamu ya afisa.

Dobi na dada yake walikwenda ofisini, bila shaka. Walikwenda mara nne. Mara ya kwanza afisa alikuwa kikaoni, mara ya pili alikuwa likizo. Mara ya tatu alikuwepo, akawapa viti, akawasikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua faili akawaonyesha muhtasari wa mkutano. "Tazama, baba. Ni maneno yako mwenyewe. Nimeyaandika kama ulivyoyasema." Alionekana kuona aibu. Mara ya nne faili lilikuwa limepelekwa juu, na juu ni wapi, hakuna aliyeweza kuwaambia.

Mtaani watu walimsalimia Dobi kwa heshima mpya. Walimwita mwokozi wa mtaa, wakamletea vitu vidogovidogo, na wale waliopata nyumba za wapangaji hewa walimshika mkono kwa mikono miwili. Fundi saa alileta blanketi lake hatimaye. Dobi alilifua maji matatu, akalianika, akakaa kwenye kiti chake kando ya kamba akishika tama. Alikuwa ameacha kula vizuri. Alipiga pasi vibaya, akaunguza kola mbili katika wiki moja, jambo ambalo halikuwa limemtokea tangu ujana. Hakuna aliyemlaumu kwa neno hata moja, na hilo lilimtafuna zaidi.

Yeye mwenyewe alipata nyumba bila shida, maana stakabadhi zake zilikuwa safi: orofa ya kumi na moja, chumba kimoja na jiko. Pamoja na barua ya kumpongeza kulikuwa na karatasi ya masharti. Sharti la sita lilikataza kuanika nguo kwenye roshani au mahali popote panapoonekana kutoka nje. Aliisoma, akairudisha ndani ya bahasha.

Dada yake alitafuta chumba mwenyewe, bila kumshirikisha mtu. Alikipata huko mwisho wa mji, ambako ingembidi apande magari mawili kufika hospitali. Siku ya kuhama alikuja na gari dogo la mizigo. Vitu vyake havikujaza hata nusu yake: kitanda kilichofunguliwa, godoro, jiko, kabati la mama na masufuria yaliyofungwa ndani ya khanga. Dobi alibeba kila kitu mwenyewe, hakutaka msaada. Kilipobaki chumba kitupu akasimama mlangoni, akasema lile alilokuwa amelifanyia mazoezi wiki nzima.

"Majengo yakiisha, uje tukae wote. Nyumba ni yangu, hakuna atakayekuuliza."

"Nitakaa kama nani?"

"Kama dada yangu."

"Nimeiona ile fomu, kaka. Ina sehemu ya wategemezi. Ndipo utakaponiandika?" Hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu. "Nimefagia wodi miaka ishirini na mbili. Nilikuwa na chumba changu. Sikumtegemea mtu."

"Ni ile alama," Dobi akasema. "Mungu ananiona, laiti ningekupigia alama. Ni mazoea tu ya kazi, hayakuwa na ubaya."

"Alama?" Dada yake akamtazama kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Alama sikuitaka mimi. Kunijua kwa mkono lilikuwa jambo zuri, tena nililipenda. Mimi nilikuwa nakungoja useme tu. Useme huyu anaishi hapa, mtake msitake, kisha wanikatae wao. Wewe ukakunja kitambaa ukaja ukakaa karibu yangu."

Dereva alipiga honi. Dobi alifungua mdomo, na ule ulimi uliokuwa umefunguka ukumbini mbele ya watu mia tatu, mbele ya mtu mmoja ukakataa. Dada yake alipanda mbele, akajifunga mkanda, akaweka mkoba mapajani.

"Nisamehe," Dobi akasema hatimaye, ameshika kioo cha gari.

"Nimesikia, kaka," akajibu dada yake, na akamwambia dereva waende.